Fasi ya Kulilia

Hakuna mtu kanisani kwetu anayependa mipango kuliko mimi, na nalisema bila aibu. Siku za kazi ninasimamia miradi ya benki moja kule Sandton, Johannesburg, na Jumamosi, wenzangu wa ofisini wakiwa bado wamejifunika, mimi niko kanisani, mtaa wa Malvern, nabishana na watu kuhusu mpangilio wa viti. Kwa hiyo Mchungaji alipotangaza kwamba wenzetu wa kanisa rafiki la Ujerumani wanakuja, na kwamba safari hii hawataki kukabidhiwa ombi lililokwisha kuandikwa bali wanataka waumini wote tukae, tupange wenyewe kile kiwanja cha nyuma kifanye kazi gani, niliubana mkono wa jirani yangu kwenye benchi mpaka akaniuliza kama naumwa.

Kanisa letu liko karibu na Jules Street, ndani ya jengo lililokuwa duka la fanicha. Tunaabudu kwa Kiswahili, lakini Kiswahili chenyewe kina kwao kwingi. Wakongo ndio wengi, kisha Warundi, kisha sisi Wakenya wachache tunaojifanya tunazungumza sanifu. Nyuma ya jengo kuna uwanja wa saruji iliyopasuka, ambao tangu nilipolifahamu kanisa hilo ulikuwa wa kuegesha magari mabovu na kuanikia mazulia. Mimi nilikuwa nimeshautolea macho. Nilitaka pawe mahali pa matanga, na sababu naisema mapema, asije mtu akadhani nilikuwa mwenyekiti asiyeegemea upande.

Mwaka mmoja kabla ya ziara hiyo, baba yangu alifariki nyumbani, magharibi mwa Kenya. Kibali changu cha kukaa huku kilikuwa kinasubiri kufanywa upya na sikuweza kusafiri, basi nilimzika kwa simu, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Akina mama wa kanisa walipopata habari walikuja na masufuria, mikeka na mablanketi, kama inavyotakiwa, mpaka kwenye geti la mtaa ninakoishi, wenye ukuta na kamera. Mlinzi akawaambia sheria ya pale ni wageni wawili kwa nyumba. Wakasimama barabarani na wali unapoa. Baadaye akawaambia wasogee, wanazuia magari. Niliwashukuru pale pale getini, wakarudi Malvern, na kesho yake nikaenda kazini nikalia ndani ya gari, kwenye maegesho ya chini ya jengo, vioo vimefungwa.

Hayo ndiyo matanga niliyoyapata. Hakuna aliyekaa nami chini, hakuna aliyeniuliza baba yangu alikuwa mtu gani. Jambo hilo lilinikaa kooni mwaka mzima, na nilipokitazama kile kiwanja nilikuwa naona paa, naona masufuria, naona watu wamekaa. Ila nilikuwa nimechaguliwa kuongoza mkutano na kutafsiri, na mwongozaji hapaswi kusukuma lake. Nikajiapiza kunyamaza, kitu ambacho wanaonijua wanajua kilivyonigharimu.

Wageni walikuwa watatu. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu mwenye nywele nyeupe na viatu vya kupandia milima, na wenzake wawili walikuwa wapole mno, kazi yao kutabasamu na kuandika. Jumamosi ile tukakusanyika, ukumbi ukajaa. Mama Mjerumani akasimama akasema kwa Kiingereza kwamba hawakuja na mpango wowote, wamekuja kusikiliza. Nikatafsiri. Nikauliza: Haya, wapendwa, kile kiwanja tukifanyie nini?

 Mzee wa kanisa mmoja, Mrundi mwenye sauti ya redio, akainuka, akatengeneza tai, akasema tunaomba kompyuta. Aliyemfuata akasema kompyuta. Aliyemfuata akasema kompyuta na mwalimu wake. Hata bibi mmoja ambaye simu yake huwashwa na wajukuu alisimama kwa taabu akasema anaziona kompyuta kuwa jambo jema. Mama Mjerumani akaitikia kwa kichwa kila mara, na wale wapole wawili wakaandika.

Mimi nilichemka. Nililijua chimbuko la kompyuta hizo. Miezi kadhaa nyuma, tukizungumza nao kwa video, yule mama aligusia kwamba kanisa lao lina kompyuta za zamani ghalani. Sentensi moja tu. Watu wetu wakaishika, wakaipamba, na kwa adabu zao zote wakaigeuza kuwa haja ya maisha yao. Nilifunga kikao kwa sala fupi sana na kwenda jikoni.

Jikoni akina mama walikuwa wanakoroga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na kusonga ugali wa wageni. Aliyeshika mwiko alikuwa rafiki yangu, mshonaji kutoka Uvira, mwenye cherehani yake kibarazani huko huko Jules Street. Nikamwuliza, bila hata kumsalimu, kama kweli anataka kompyuta.

"Dada, ordinateur nitaifanyia nini? Niitie mu sombe?"

"Na mbona uliinua mkono?"

"Yule mama ametoka mbali," akasema, akipunguza moto. "Ameisema na kinywa yake. Sasa umukatalie mugeni mu macho? Siye hatufanyake vile."

"Basi mnataka nini?"

Akaacha kukoroga. Wenzake nao wakaacha. Akasema, "Siye tunakosa fasi ya kulilia."

Fasi, kwao, ni nafasi, ni mahali. Sikuwa nimemdokezea neno. Akaanza kunisimulia, na wenzake wakamdakia, jinsi kaka yake alipofariki na watu wakajaa kwenye korido ya ghorofa anamopanga, na wapangaji wa juu wakawa wanapita juu ya miguu yao na mifuko ya plastiki mkononi, na kabla matanga hayajaisha mwenye nyumba akamwambia atafute kwingine. Tangu hapo amehamia chumba kidogo zaidi. Mama yake ni mzee, yuko Uvira, na kila simu ikilia asubuhi yeye hufikiria kwanza atawaweka wapi watu, ndipo hufikiria mama. "Ile inaniuma zaidi ya yote," alisema. "Kuwaza fasi mbele ya kumuwaza mama."

Nilitoka jikoni nikiwa mtu mwingine. Nilimfuata Mchungaji moja kwa moja nikamwambia kesho baada ya ibada vijana wawapeleke wageni Soweto, wakatembee, wakale, wasirudi mapema. Vijana wetu Kiswahili wanakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, kwa hiyo kwa kazi hiyo walifaa kuliko wazazi wao. Mchungaji akakuna kidevu, akasema hiyo ni kama kuwafukuza wageni. Nikamwambia ni kuwatembeza. Akanitazama. Akakubali.

Jumapili, gari la wageni lilipokata kona tu, tulisukuma viti vyote ukutani. Nikapiga magoti kwenye sakafu na chaki nikachora Johannesburg kama ninavyoijua mimi: Jules Street ndefu na robot zake zote, yaani taa za barabarani, mjini kati, Soweto upande ule, Sandton upande huu. Watoto wa Shule ya Jumapili wana ndoo ya vizibo vya soda vya kujifunzia hesabu, nikaiazima. Safari hii sikuuliza mtu anataka nini. Niliuliza: Tangu ulipofika mji huu, ulipofiwa, ulilia wapi? Weka kizibo hapo.

Watu walisitasita. Kisha mshonaji akainama akaweka chake kwenye ghorofa alikofukuzwa. Akafuata kinyozi mmoja: yeye na ndugu zake walifunga saluni, wakamlilia mjomba katikati ya viti vya kunyolea, wateja wanagonga mlango. Mwingine kizibo chake kilikuwa juu ya paa la jengo, karibu na matangi ya maji. Mwingine maegesho ya kituo cha mafuta. Mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto alisema alilia nyuma ya dirisha la chuma akiuza mkate. Mlinzi mmoja, mtu mkubwa ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya habari na amina, alisema alimlilia mkewe ndani ya kibanda cha getini, akiinua kizuizi kila gari likifika. Kila aliyeweka alieleza, na kila aliyeeleza alimwamsha mwingine, mpaka watu wakawa wanasukumana kuifikia ndoo na sakafu inawaka vizibo.

Mshonaji akanisogelea, akanifungua kiganja, akaniwekea kizibo. "Na weye je?"

Nikasema mimi ni mwongozaji tu. Hakuondoka. Basi nikatembea mpaka Sandton yangu ya chaki nikakiweka kwenye maegesho ya chini, na nikaeleza, na kusema kweli nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani kwake kwa mlango wa mbele.

Baada ya hapo nilitamani mabosi wangu wa benki wangekuwepo waone kupanga kulivyo. Watu wazima walikuwa wanaruka kwenye viti. Paa liwe refu upande wa jiko ili moshi utoke. Maji yawe karibu, maana matanga ni kuosha vyombo. Pawe na pembe ya kinamama wanaonyonyesha. Pasiwe na benchi nyingi, watu wakae chini kwenye mikeka, anayetaka kukaa juu akakae na magoti yake mabovu pembeni. Mrundi mwenye sauti ya redio alitaka pia taa nzuri, na mara hii aliongea bila kutengeneza tai. Tukatuma watu wawili kwa jirani yetu wa ukuta mmoja, gogo wa Kizulu, ndivyo huku wanavyomwita bibi, ambaye watu wake hufunga turubai barabarani wakifiwa. Wakarudi wanacheka: gogo amekubali, mradi ukuta wa upande wake uwe mrefu, na mvua ikimkuta na msiba naye aje na watu wake.

Bibi yule wa simu ya wajukuu ndiye alitupunguzia kasi. Akauliza tukijenga nyumba ya kilio tunamwita nani aje. Wengi walikuwa na hofu hiyo hiyo. Mshonaji akamjibu kwa heshima, akimshika goti: "Nyanya, kifo hatukiitake. Kinakuja tu chenyewe, kinatukuta mu korido." Bibi akafikiri, kisha akauliza kama pembe ya wazee itakuwa na jua la asubuhi.

Basi ikabaki jambo moja, nalo nusura liharibu yote. Wazee walisema hatuwezi kumwambia mgeni aliyevuka bara zima kwamba tunataka banda la kulilia. Watatuona watu wa mikosi. Wakapendekeza tuseme ukumbi wa shughuli mbalimbali. Nilibisha mpaka Mchungaji akaniita pembeni, akanikumbusha kwamba mpango ni wa watu wote na si wa mwenyekiti. Kura zikapigwa, nikashindwa. Niliketi nikiwa nimevimba kama andazi.

Wageni waliporudi kutoka Soweto, wamechomwa na jua na wamefurahi, mzee wetu alisimama akatangaza ukumbi wa shughuli mbalimbali. Nikatafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya nyanya. Mama Mjerumani akafurahi sana. Akasema mbona ni wazo zuri, vijana wanaweza kufanya mazoezi ya viungo humo, na kwaya, na pembeni tukaweka kompyuta. Watu wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi, wale wale.

Lakini chaki ilikuwa bado sakafuni. Mama yule alishuka kwenye jukwaa, akakaribia, akasimama pembezoni mwa Soweto, akauliza vizibo hivi vyote ni vya nini.

Mzee akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mshonaji. Sikumkonyeza, sikutikisa kichwa, nilimtazama tu. Akavuta kitenge chake vizuri kiunoni, akaja katikati.

"Mama," alisema, "pale ni fasi siye tulilia. Hii ni yangu. Tulifukuzwa. Ukumbi ule tunasema, ni ya matanga. Tulikuwa na haya kukuambia, sababu ulipenda ordinateur."

Nikatafsiri. Sikuongeza hata neno moja la kwangu. Yule mlinzi mkubwa akaja akasimama kwenye kizibo chake, kinyozi kwenye chake, na wakaeleza upya mmoja mmoja, nami natafsiri mpaka sauti ikaanza kunikauka. Wale wapole wawili waliacha kuandika.

 Mama Mjerumani akaomba kizibo. Tukampa. Akaitazama ramani, akauliza kaskazini ni wapi, na watu kadhaa wakamwonyesha kwa pamoja. Akatembea kuelekea huko, akaipita Sandton, akafungua mlango wa nyuma, akavuka kiwanja chote na zile gari mbovu, na sisi tukamfuata nyuma kama msafara wa harusi. Alipofika ukutani akainama akakiweka kizibo chini, kwenye saruji, akasema hapo ndipo kwao Ujerumani.

Alisema mume wake alifariki majira ya baridi yaliyopita. Baada ya mazishi watu walikunywa kahawa na kula keki, wakampa mkono, wakaenda zao. Kadi zilikuja nyingi, tena nzuri. Yeye alikunywa supu jikoni, amesimama, wiki kwa wiki.

"Na hakuna alikuja kukaa na weye chini?" mshonaji akauliza.

Nikatafsiri. Akajibu kwamba walimpenda sana, ila hawakutaka kumsumbua.

Akina mama waliguna wote kwa pamoja, ile sauti ya kutoka tumboni, na mguno huo haukuhitaji tafsiri. Mmoja akamvutia kiti; mwingine akakiondoa, akatandika kanga chini. Mama akaketi kwenye saruji na viatu vyake vya milimani, nao wakaketi kumzunguka, na chai ikaletwa. Hapo ndipo alipotuuliza, akijifuta macho, nani hasa alikuwa ametaka kompyuta. Nikamwambia ukweli: hakuna. Akaanza kucheka. Kumbe na wao huko kwao hawakuwa na hamu nazo. Walikuwa wameziacha zote ghalani wakitafuta pa kuzipeleka, na waliposikia tunavyozililia waliweka kando mambo yao mengine kwa sababu hawakutaka kutuvunja moyo. Nilipotafsiri hilo, mzee wetu wa tai alicheka mpaka akashika ukuta.

Mpango ule ulipita jioni hiyo bila kura, na jina lake likaandikwa lilivyo: fasi ya kulilia. Wageni waliondoka na maelezo ya ramani yetu, na baadaye wakatutumia picha: sakafu ya ukumbi wao, mji wao kwa chaki, na vizibo vya chupa vimetapakaa humo, kila kimoja kikiwa peke yake ndani ya nyumba yake. Walituomba ushauri waanzie wapi. Nani angedhani, Malvern tunaombwa ushauri na Ujerumani. Niliandika haraka jibu lenye kurasa nyingi, Mchungaji akalipunguza.

Ujenzi ulikuwa na vituko vyake, vibali vya manispaa, mafundi wa kuchomelea waliogombana kuhusu mteremko wa paa. Mimi nilikuwa huko kila Jumamosi nikiwakera. Paa likapandishwa, ukuta wa gogo ukainuliwa, mabomba yakafika. Milango ya vyoo ilikuwa bado.

Jumamosi moja mchana nilikwenda kukagua mifereji ya maji, na nilipozunguka nyuma ya kanisa nikasimama ghafla. Mikeka ilikuwa imetandikwa yote. Masufuria yalikuwa motoni. Akina mama wamekaa chini, vitenge vimefungwa kiunoni, vichwa vimefunikwa, na wanaume wamekaa upande wao pamoja na yule mlinzi mkubwa.  Nikamtafuta mshonaji kwa macho, nikamkuta karibu na moto.

"Ni mama?" nikamwuliza. "Pole, dada, ni mama yako?"

"Mama ni muzima. Jana ameniomba kitenge."

"Sasa ni nani?"

Akanishika mkono kama mtu anayemshika mgonjwa. "Ni baba yako, dada. Tulimuletea chakula mpaka ku geti, tukarudishwa. Ile matanga haikufanywaka. Siye tukasema hii fasi haiwezi kuanza na mwingine."

 Wakaniketisha katikati, mtu akanivua viatu, mwingine akanifunika kanga mabegani. Bibi wa simu ya wajukuu akasogea kutoka pembe yake ya jua na kuniuliza, "Mwanangu, huyo baba alikuwa mtu gani?"

Nikawaambia alikuwa mtu wa kuchelewa. Tulikuwa tukitoka kanisani ndipo tunakutana naye njiani anakwenda, kwa sababu alikuwa amesimama kusalimia kila boma na kila ng'ombe. Wakacheka, nami nikacheka, nikaendelea kusimulia. Katikati ya kusimulia kilio kikanishika, kile cha zaidi ya mwaka mzima, nikalia kwa sauti ya juu kabisa, na walionizunguka wakalia pamoja nami, mikeka imejaa mpaka ukutani kwa gogo, na hapakuwa na mtu wa kutuambia tusogee.